Hukumu ya Kuuza Nyumba Iliyoongezwa Bila ya Kibali

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na Sahaba zake.

Ama baad. Watu wa Mji Mkongwe wa Unguja huuliza, na wa miji mingine vile vile: mtu ana nyumba, na juu yake pana ghorofa iliyoongezwa na babake miaka 30 nyuma, pasina kibali wala ramani iliyopitishwa. Sasa ataka kuiuza. Je, yampasa kumwambia mnunuzi, au hilo ni jambo baina yake na serikali tu?

Wasemao kuwa ni karatasi tu hawakutazama vyema. Ila, kwa wanavyuoni wetu wa Kishafii, ni upungufu wa kitu chenyewe au wa thamani yake, unaomkosesha mnunuzi kusudi lake la haki, ikiwa aghlabu ya vitu vya jinsi ile havina upungufu huo. Basi pima. Nyumba hizi za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko; waliozijenga hawakukadiria uzito wa matofali ya saruji juu yake. Kibali ni ushahidi kuwa mjuzi alizitazama kuta akaona zaweza. Beit al-Ajaib ilipoanguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 (wala sisemi kuwa sababu ni hiyo hiyo) tuliona jinsi ukuta wa kale unavyoficha siri yake. Tena mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na mji umeandikwa na UNESCO katika urithi wa ulimwengu tangu 2000. Mnunuzi aweza kuamriwa kubomoa alichokitolea fedha.

Hapa pana hoja nzito, wala si haki kuipita. Mtu atasema: mtaani kwetu nyumba zote ndivyo zilivyo, kwa hiyo si ila. Katika mtaa wa namna hiyo maneno yake yana nguvu, kwani sharti ya aghlabu imevunjika, na mnunuzi ajua anunuacho. Walakini akiulizwa, si halali kusema uongo. Na akiwa amekwisha letewa barua ya kuonywa, hiyo ni ila ya nyumba yake peke yake, haiingii katika ada ya mtaa.

Wengine hukimbilia kuandika: nauza kama ilivyo, sina dhamana. Hilo haliwafai. Imam Nawawi katika Minhaj ameitia nguvu kauli kuwa sharti hiyo humwokoa muuzaji katika ila ya ndani ya mnyama asiyoijua, basi. Mnyama hula na hubadilika, hali yake hujificha hata kwa mwenyewe. Ghorofa haikuota usiku.

Na dalali je? Imepokewa kuwa Wathila bin al-Asqaa alikuwapo mtu alipouza ngamia kwa dirhamu 300. Alimkimbilia mnunuzi akamwuliza kama amtaka kwa nyama au kwa kupanda. Aliposikia kuwa ni kwa kupanda, akamjulisha kuwa unyayo wake una tundu, hawezi safari ndefu. Muuzaji akapunguza 100, akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Na Wathila hakuwa muuzaji wala dalali. Sembuse mwenye kula ujira wa kuuza?

Mrithi asiyejua hana dhambi, lakini khiyari ya mnunuzi i pale pale. Naye mnunuzi asilale: kurudisha ni papo hapo. Akiijua ila leo, kisha akaendelea kuipangisha ghorofa ile na kula kodi yake, haki ya kurudisha imemtoka.

Wallahu aalam.