Dirhamu Mbili za Mkata Miti

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiotesha miti ikawa vivuli na matunda na kuni kwa waja wake. Na sala na salamu zimshukie Mtume wake Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Imepokewa katika kitabu cha hadithi cha Abu Daud ya kwamba mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba. Akaulizwa nyumbani mwake mna nini, akajibu kuwa mna nguo moja nzito, upande hujifunika na upande hutandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akamwamrisha avilete, akavishika mkononi mwake, akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja. Akauliza mara mbili au tatu ni nani azidishaye, na mwingine akatoa dirhamu mbili, akapewa. Zile mbili akapewa yule Ansari, akaambiwa kwa moja awanunulie chakula watu wake, na kwa ya pili anunue shoka alilete. Alipolileta, Mtume (S.A.W.) alilitia mpini kwa mkono wake mtukufu, akamtuma aende akakate kuni auze, wala asionekane muda wa siku 15. Aliporudi alikuwa amepata dirhamu 10.

Hadithi hii husomwa sana kuwakanya watu na uombaji, na hiyo ndiyo maana yake iliyo dhahiri. Lakini mkata miti akiitazama vyema ataona ndani yake somo jingine limhusulo yeye. Dirhamu zilikuwa mbili, wala hazikuliwa zote. Moja ilikuwa ya chakula, na moja ya shoka. Mwenye kuila dirhamu ya shoka leo, kesho hana cha kumpatia dirhamu ya chakula.

Katika miji ya pwani, tangu Lamu hata Kilwa, kazi ya kukata na kupogoa miti haikomi. Minazi huzeeka ikainamia mapaa, na miembe hupeleka matawi juu ya nyua za jirani. Mwenye nyumba humwita mtu ajuaye kupanda, mwenye kamba na panga na msumeno, asiye na bwana wala mshahara. Riziki ya mtu huyu ni kila kazi na bei yake, na hapo penye bei ndipo haki nyingi zipoteapo.

Desturi iliyoenea ni kwamba mwenye nyumba aulizapo kiasi, fundi hujibu, "Nipe utakacho, sisi ni ndugu." Naye mwenye nyumba husema, "Wewe kata, hatutagombana." Maneno haya yana sura ya upole, na ndani yake mna ugomvi. Jioni mti ukishalala chini, mwenye nyumba huona kazi ilikuwa nyepesi, na fundi hukumbuka kwamba roho yake ilikuwa juu ya tawi. Kila mmoja alikuwa na bei yake moyoni, wala hapana aliyemwambia mwenziwe. Hata watu wawili wasalio safu moja huacha kupeana salamu kwa ajili ya mwembe.

Sharia imeliziba tundu hili. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wameeleza kwamba ijara ni kuuza manufaa, na katika masharti yake ni ujira kujulikana. Usipojulikana, mapatano yameharibika, na fundi akishafanya kazi hustahiki ujira wa mfano, yaani ule wapewao watu wa kazi kama ile mahali pale. Basi asidhani mwenye nyumba ya kuwa kwa kunyamaza amepata ruhusa ya kutoa apendacho. Tena wamekataza mtu kuajiriwa kusaga nafaka kwa sehemu ya unga utakaotoka, au kuchuna mnyama kwa ujira wa ngozi yake. Kwa hiyo na ajihadhari anayeambiwa, "Kata mti, ujira wako ni kuni zake." Lililo salama ni bei itajwe kwa shilingi, na habari ya kuni ipatanwe mbali.

Na katika Sura ya Al-Qasas mna habari ya Nabii Musa (A.S.) na mzee wa Madyan. Muda wa kazi ulitajwa kabla ya kuanza, miaka 8. Na kama Musa angetimiza 10, hiyo ilikuwa hisani yake, si deni juu yake. Wajibu ulitengwa na hisani. Fundi atakaye kumpunguzia nduguye na ampunguzie, lakini kwanza aijue bei kamili, ili ajue ni kiasi gani anachotoa sadaka.

Bei hiyo huijua kwa hesabu. Auzunguke mti kabla ya kusema neno. Atazame umeoza wapi, waelemea wapi, chini yake pana paa au ukuta au nyaya za umeme, na matawi yatabebwa na nani. Kisha ahesabu. Tuseme, kwa mfano tu, mwembe ni kazi ya siku 2. Wasaidizi wawili, kila mmoja shilingi 1,000 kwa siku, ni 4,000. Gari la kuchukua matawi ni 3,000. Petroli na mafuta ya msumeno ni 1,500. Kuchakaa kwa kamba na msumeno ni 1,000. Jumla ni 9,500, na fundi mwenyewe hajapata kitu. Akijiwekea 2,500 kwa siku, bei ni 14,500.

Sasa aje fundi mwingine asiyehesabu, aseme, "Mimi nitakata kwa 9,000." Mwenye nyumba atafurahi. Lakini 500 zilizopungua zitatoka kwa nani, na chakula cha watoto wa fundi kitatoka wapi? Mara nyingi hutoka kwa wasaidizi, waliosimama chini siku mbili wakishika kamba, kisha wakaambiwa wangoje mpaka kazi ijayo. Na imepokewa na Bukhari ya kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa mshitaki siku ya Kiyama juu ya watu watatu, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu akamaliza kazi yake yote, naye asimpe ujira wake. Fundi huyu hakukusudia dhuluma. Alikusudia kupata kazi. Lakini bei ndogo aliyoitaja asubuhi ndiyo iliyomfanya dhalimu jioni.

Au hutoka katika kamba. Mnazi mrefu wapata futi 80 na zaidi, na kamba iliyochakaa haimwambii mtu siku itakapokatika. Aliyeila dirhamu ya shoka amepanda na deni lake mgongoni. Na tawi likianguka juu ya paa la jirani kwa mkono wake, hasara ni juu yake hata kama hakukusudia, kwa kuwa mali ya mtu haipotei bure kwa sababu ya kukosea. Naye atalipa kwa nini, ikiwa bei haikumbakishia kitu?

Upande wa pili nao una dhambi yake. Yuko fundi aonaye mjane au mgeni, akaujua woga wake, akamwambia mti utaanguka usiku huu, ili bei ya mti mmoja iwe ya mitatu. Huyo ameuza hofu, hakuuza kazi. Bei ya haki ni ile ambayo mwenyewe hangeona haya kuisema mbele ya fundi mwenziwe, akaifafanua sehemu kwa sehemu. Na fundi akishapatana na mtu, mwingine asiingie kati kwa bei ya chini, kwa maana Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuuza juu ya mauzo ya nduguye.

Na mwenye nyumba naye ana lake. Imepokewa na Ibnu Maja amri ya kumpa mfanyakazi ujira wake kabla ya jasho lake kukauka. Bei iliyokwisha kutajwa asiipunguze mti ulipokwisha kuanguka, kwa kuwa fundi hawezi kuurudisha juu. Ahadi ni deni.

Basi mpanda miti na aanze kwa Bismillahi, na kabla ya Bismillahi ya kupanda iwepo bei iliyosemwa na kukubaliwa, ndani yake mna dirhamu ya chakula na dirhamu ya shoka, na haki ya wasaidizi imetengwa kwanza. Mwenyezi Mungu azibariki riziki za wachumao kwa mikono yao, awalinde wapandao juu, na awape wenye nyumba mioyo ya kutimiza mapatano. Amin.