Aliyebalehe Milango Imefungwa

Muhula huu tumesoma katika fiqhi mlango wa hajri, yaani hukumu za mtu anayezuiwa kutumia mali yake kwa utoto, wazimu au ubadhirifu. Wengi wetu huupita mbio kwa sababu hauna mabishano ya kupeleka barazani. Mimi ulinikamata. Kila nilipoufungua nilimwona mdogo wangu, nikakumbuka nilivyomtendea nyumbani kwetu Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mwaka 2020. Ameniruhusu kuandika, kwa sharti kwamba jina lake lisitokee.

Aya ya 6 ya Suratun-Nisaa inawaamuru walezi wa mayatima wawajaribu mpaka wafikie umri wa ndoa, na wakiona kwao rushdi ndipo wawakabidhi mali zao. Maulamaa wakatofautisha hapo mambo mawili ambayo sisi katika mazungumzo huyachanganya. Kubalehe ni jambo la mwili: ndoto, hedhi, au kwa Mashafii kutimiza miaka 15 ya mwandamo. Rushdi ni jambo la akili na mwenendo, na hiyo lazima itafutwe. Imam Nawawi katika Minhaj anaeleza namna ya kuitafuta. Mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kuuza, kununua na kuvutana bei. Wa mkulima kwa mambo ya shamba. Wa fundi kwa kazi ya baba yake. Jaribio lirudiwe, mara moja haitoshi, na wakati wake ni kabla ya kubalehe.

Kubalehe, basi, humjia mtu hata akiwa amefungiwa chumbani. Rushdi haiji hivyo. Rushdi inataka soko, inataka mwalimu, inataka wenzake wa kugombana nao na kupatana nao, na mtu mzima ambaye kijana anaweza kukosea mbele yake asichekwe.

Tarehe 20 Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa. Misikiti nayo ikafungwa, madrasa zikanyamaza, tarawehe za mwaka ule tukaziswali majumbani. Misikiti iliporuhusiwa tena Septemba, sharti likawa watu wasizidi 70, na watoto hawakuwa wa kwanza kupewa nafasi. Shule zilifunguliwa kwa mafungu, zikafungwa tena Juni 2021, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga shule zake muda mrefu kuliko hapo. Kwetu kambini kulikuwa na la ziada: Aprili 2020 mgao wa WFP ulipunguzwa kwa asilimia 30 kwa uhaba wa fedha, na Februari 2021 makato yakafika asilimia 40. Mama yangu, aliyetutoa Uvira mikono mitupu, alisema ameshaona vita na njaa, ila hajawahi kuona watu wakiogopana pumzi.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 13, yuko P6. Mimi nilikuwa S5, nimerudishwa kutoka bweni na sanduku langu. Miezi ya mwanzo alicheza mpira wa matambara nyuma ya nyumba kama wenzake. Ilipofika Agosti akaacha. Akawa analala mchana, usiku yuko macho. Akiitwa kula anasema ameshiba, na sote tulijua hakuna wa kushiba. Kisha akaacha kuamka Alfajiri, na hapo ndipo mimi nilipoingilia, kwa kuwa baba hayupo na mimi ndiye mkubwa. Nilimmwagia maji. Nilimwambia mbele ya dada zetu kwamba imani yake ni dhaifu, kwamba Mwenyezi Mungu anatujaribu kwa maradhi na yeye anamjibu kwa usingizi. Nikamtajia Ayyub (a.s.) na subira yake. Yeye hakujibu kitu.

Mwaka jana tu, tukiwa tumekaa nje usiku, ndipo aliponieleza. Agosti ile alikuwa ameota. Hakujua ni nini. Kwanza alidhani ni ugonjwa, pengine ndiyo korona yenyewe imeingilia upande huo. Baadaye akakumbuka neno janaba, alilolisikia madrasa likipitapita: kwamba mwenye janaba haswali, hashiki msahafu. Alilijua katazo, hakuijua dawa yake. Somo la josho lilikuwa mbele kidogo katika kitabu chao, hawakulifikia. Akakaa hivyo miezi minane, akiamini kwamba amechafuka na hana njia ya kutoka. Machi 2021, darasa lake liliporudishwa, mwanafunzi mwenzake wa umri wake ndiye aliyemwambia: unatia nia, unaeneza maji mwili mzima, basi. Alikuja nyumbani akachukua kidumu akaenda kuoga. Mimi nilikuwa nimesharudi bweni.

Sisemi kwamba huzuni yake yote ilitoka hapo. Njaa ilikuwepo, hofu ilikuwepo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na kwamba vijana ni miongoni mwa walioathirika zaidi. Umri ule ndio ambao mtu hujifunza nafsi yake kwa kujitazama katika wenzake, na wenzake walikuwa wameondolewa. Hata kama tungefikiria matibabu, wadi ya magonjwa ya akili iko Mbarara, na kuna miezi ambayo magari ya abiria yalikatazwa barabarani. Lakini sisi hatukufikiria, kwa sababu tayari tulikuwa na jina la tatizo: uvivu wa ibada.

Nalitazama kosa langu hili kwa makini, maana nadhani si langu peke yangu. Nilichukulia kwamba mwenye subira hahuzuniki. Qur'ani hainiungi mkono. Yaaqub (a.s.), ambaye ndiye aliyejiwekea subira njema, alilia mpaka macho yake yakawa meupe, na waliomlaumu kwa huzuni hiyo walikuwa wanawe, si Mola wake. Wazee wetu wa elimu nao hawakuwa na haya na jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akalalamika kwamba matabibu wanaushughulikia mwili na kuiacha nafsi. Alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake, na alionya kwamba mwenye wasiwasi asiachwe peke yake, kwa kuwa upweke ndio unaouchochea. Miaka zaidi ya elfu baadaye, mimi mwanafunzi wa dini nilimwacha mwenye wasiwasi peke yake na nikamwongezea la kufikiri.

Kuna atakayeniambia kwamba milango ilifungwa kwa haki, kuhifadhi nafsi. Nakubali, na sote tuliisikia katika kila mawaidha habari ya Umar (r.a.) kutoingia Shamu wakati wa tauni. Sidai misikiti ingeachwa wazi. Lakini Ghazali anapohesabu mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi, akili imo pamoja na nafsi, na kizazi kimo. Tulipofunga madrasa tulilinda la nafsi. Je, tulimtuma mtu kulinda yale mengine? Ustadhi alikaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Angeweza kusimama uani, hatua mbili kutoka kwake, akawaambia wavulana watatu jambo la dakika kumi. Mama mmoja angeweza kufanya vivyo hivyo kwa wasichana. Barakoa haizuii kusema.

Vitabu vya Kishafii humpa udhuru wa kutojua mtu aliyekulia mbali na wanazuoni. Zamani nilidhani maana yake ni mtu wa jangwani au kisiwani. Sasa nauliza kama nyumba ya nne inaweza kuwa mbali. Kwa mdogo wangu ilikuwa mbali. Na kama yeye amepewa udhuru, swali linahamia kwa walio karibu naye, kwa sababu kufundisha ni faradhi ya kutosheleza, na ikiachwa na wote, wote walioweza wana sehemu ya dhambi. Mimi sikuwa nyumba ya nne. Nililala mkeka wa pili.

Januari 2022 hakurudi shuleni, wala hakuwa peke yake. Waliobaki nje wakaanza kusemwa sokoni: mijitu mizima isiyojitambua, wasichana waliojiharibu. Mizima, ndiyo, kwa maana ya kubalehe. Waliowasema hawakukumbuka kwamba miaka ya jaribio ndiyo ile iliyofungwa. Fiqhi hapa ina upole kuliko soko: aliyebalehe bila rushdi huendelea kulelewa mpaka rushdi ionekane, hana umri wa kufungiwa mlango. Abu Hanifa yeye aliweka kikomo cha miaka 25. (Wenzetu watakimbilia kusema kwamba ni muujiza, kwa kuwa wataalamu nao hutaja miaka hiyohiyo kwa kukomaa ubongo. Tafadhali tusianze.)

Siku hizi yuko gereji ya pikipiki, anajifunza kazi, na mwenye gereji humpa hesabu za siku azifunge mwenyewe. Akikosea wanarudia.

Lilibaki suala la swala zake za miezi minane. Tulikwenda pamoja kwa ustadhi. Akasema dhambi, inshallah, imeondolewa na kutojua, lakini alijua kwamba swala ni wajibu, kwa hiyo qadhaa iko palepale. Niliuliza kama ninaweza kumswalia nusu. Ustadhi alinitazama, akasema swala haiswaliwi na mtu kwa niaba ya mwingine. Basi ninapokuwa likizoni Kabazana tunaswali Adhuhuri pamoja, kisha yeye anasimama tena kuswali ya mwaka ule, nami namsubiri hapohapo mkekani mpaka atoe salamu.