Mchoro wa Mtoto Ukutani na Hukumu ya Taswira

Katika nyumba za Waislamu wa Bagamoyo, mchoro wa mtoto unaobandikwa sebuleni huibua swali kongwe la fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu: je, ng'ombe wa kalamu ya rangi, mwenye miguu mitano na jicho moja, ni taswira, yaani sura ya kiumbe chenye roho, ambayo kwa mujibu wa Hadithi huwazuia malaika kuingia nyumbani? Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, yana msimamo mkali kuhusu sura zinazotundikwa, ilhali huzivumilia zinazokanyagwa, kama za kwenye zulia, kwa kuwa hizo hazitukuzwi.

Hata hivyo, wengi wa mafakihi waliruhusu wanasesere wa watoto wa kike, wakitegemea Hadithi ya Bi Aisha aliyecheza nao nyumbani kwa mumewe, Mtume, na hapa ndipo hoja inapokuwa nzito, kwani ruhusa hiyo humtazama mtoto na malezi yake kuliko kitu chenyewe. Illa ya katazo, yaani sababu inayobeba hukumu, hutajwa kuwa ni kuiga uumbaji wa Mungu. Na ng'ombe wa miguu mitano, kwa kweli, hashindani na Muumba kwa lolote. Anayetukuzwa ukutani ni mchoraji, si mnyama, ingawa mzazi mwenye tahadhari anaweza kuubandika mchoro wa jahazi au mnazi, ambao hauna mgogoro, na wa ng'ombe akauhifadhi kabatini.