Ulimi wa Shahidi

Mwaka 1757 mwanafalsafa wa Uskochi, David Hume, alichapisha insha juu ya kipimo cha ladha, na ndani yake akaazima kisa kutoka kwa Cervantes, yule Mhispania aliyemtunga Don Quixote. Sancho, mtumishi wa Don Quixote, anajigamba kwamba katika ukoo wao kuujua mvinyo ni jambo la kurithi. Jamaa zake wawili waliitwa siku moja watoe rai juu ya pipa la mvinyo uliosifiwa kuwa mkongwe na wa asili bora. Wa kwanza akaonja, akafikiri, akasema ni mzuri lau si ladha ndogo ya ngozi. Wa pili naye akaonja, akausifu, ila akadai kuwa una ladha ya chuma. Wakachekwa na kila aliyekuwapo. Pipa lilipomalizika, chini yake ukaonekana ufunguo mkongwe uliofungwa kikanda cha ngozi.

Hume alikitumia kisa hicho kuthibitisha kwamba ziko ndimi zinazojua zaidi ya nyingine, na kwamba anayechekwa na wengi huenda akawa ndiye mkweli. Hoja ni nzuri. Lakini kisa kina bahati ambayo dunia haina: pipa lilimalizika. Aghalabu mwonjaji husema neno lake, mnunuzi hulipa, na hapana afikaye chini ya pipa kutazama kuna nini. Swali la maadili linazaliwa papo hapo. Neno la mtu juu ya kitu kilichopita ulimini mwake peke yake liaminiwe kwa sababu gani?

Msomaji wa mwambao ambaye hajapata kuugusa mvinyo, wala hana nia, anaweza kuuliza jambo hili linamhusu nini. Mbele ya mafakihi wa zamani, isitoshe, mas'ala yenyewe yasingefika mbali, kwani mnywaji hukataliwa ushahidi tangu mlangoni. Lakini mvinyo hapa ni mfano tu, ila mfano ulio wazi kuliko mingi. Anayeisifu diwani ya mashairi gazetini amesimama pahala pale pale: wasomaji hawajaisoma, wanalo neno lake tu.

Na pwani yenyewe ina waonjaji wake. Mnada wa chai, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, umelea vizazi vya watu ambao kazi yao ni kupita mbele ya safu ndefu ya vikombe, kufyonza kijiko kwa kishindo, kutema, na kusema. Mtu huyo analipwa na dalali au na mnunuzi. Hana uhuru wowote wa kujivunia. Hata hivyo neno lake lina thamani, kwa sababu sampuli ile ile imekwenda pia kwa wengine, nao wanaonja, na atakayeyasifu majani mabovu ataumbuka mbele ya watu wa kazi yake kabla mnada haujafungwa. Uaminifu wake haumo moyoni tu. Umo katika vikombe vya wenziwe.

Mnunuzi wa kawaida wa mvinyo hana vikombe hivyo. Kwa muda mrefu waliomwandikia walikuwa, wengi wao, wamo katika biashara ile ile waliyoihukumu. Mwaka 1978 mwanasheria wa Maryland, nchini Marekani, Robert Parker, alianzisha jarida lililokuja kuitwa The Wine Advocate. Alimchukua Ralph Nader, mtetezi wa haki za walaji, kuwa kigezo chake: matangazo hakupokea, akategemea fedha za wasomaji, na kila mvinyo akaupa alama kwa kipimo cha 50 hadi 100. Watu waliochoshwa na sifa za madalali walimkimbilia. Dawa ilifanya kazi vizuri mno, hata ikazaa ugonjwa wake.

Kila majira ya kuchipua, huko Bordeaux, mvinyo wa mavuno yaliyopita huonjwa ungali mapipani, kisha bei hutangazwa. Mwaka 2003, kwa sababu ya vita vya Iraq, Parker hakusafiri, na wenye mashamba wakalazimika kutangaza bei bila ya alama zake. Wanauchumi waliozilinganisha bei za mwaka huo na za miaka mingine, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walikadiria kuwa alama zake zilikuwa na uzito wa karibu euro 3 kwa chupa kwa wastani. Kwa mkulima mwenye chupa elfu hamsini, hizo ni euro 150,000, zinazokuja au kutokuja kwa ulimi wa mtu mmoja aliyepanda au asiyepanda ndege. Parker hakushitakiwa kwa hongo katika hilo. Alikuwa mkweli, na ukweli wake ulikuwa umegeuka amri; wapo wakulima waliotuhumiwa kutengeneza mvinyo kwa kuufuata ulimi wake badala ya kuifuata ardhi yao.

Basi miaka ya 2000, intaneti ilipofungua mlango, walijitokeza mamia ya waandishi wasio na ofisi wala cheo, wakinunua chupa kwa fedha zao na kuandika usiku baada ya kazi za mchana. Mtaji wao ulikuwa mmoja, kwamba hawana cha kupata. Haukupita muda mrefu chupa zikaanza kubisha hodi milangoni mwao bila ya kuagizwa, kisha mialiko ya kutembelea mashamba. Mwaka 2009 kiwanda kimoja cha Sonoma, California, kilitangaza kazi ya miezi 6 kwa mshahara wa dola 10,000 kwa mwezi, kazi yenyewe ikiwa ni kuandika habari za kiwanda na maisha ya hapo kwa lugha na sura ya waandishi hao hao wa kujitegemea. Oktoba mwaka huo Tume ya Biashara ya Marekani ilitoa mwongozo, uliotumika kuanzia tarehe 1 Desemba, kwamba anayesifu bidhaa aliyopewa bure au aliyolipwa aisifu hana budi kulisema hilo wazi. Kejeli ya mwaka ule ni kuwa mmoja wa waandishi wa intaneti, waliokuwa wakidharauliwa na wakubwa, ndiye aliyefichua kwamba wachangiaji wa jarida la Parker lenyewe walikuwa wamesafiri kwa gharama za watu wa biashara ya mvinyo.

Zawadi hufanya nini hasa? Tanzania ina neno lake kwa hili, neno zuri lililochafuliwa: takrima. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ili ukarimu wa kimila wa mgombea kwa wapiga kura usihesabiwe rushwa, na Mahakama Kuu ikautangua ufunguzi huo mwaka 2006. Waliotetea takrima walisema sahani ya pilau hainunui kura ya mtu mzima. Pengine kweli. Lakini sahani ya pilau hununua kitu kingine: huwa vigumu kumkabili mwenyeji kwa maneno makali hali mafuta yake yangali vidoleni. Mwandishi aliyeletewa chupa kumi, akazisifu tatu kwa haki na kuzinyamazia saba, hakusema uongo hata mmoja. Wasomaji wake wamedanganywa vilevile. Kwa hiyo kutangaza zawadi ni wajibu, ila si twahara. Anayetangaza kisha akanyamazia mabaya amefuata sheria na kuuza kimya chake.

Tena hata mikono ikiwa safi, ulimi wenyewe ni shahidi dhaifu. Robert Hodgson, mtaalamu mstaafu wa elimu ya bahari na mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo California, aliwapima waamuzi wa mashindano ya maonesho ya jimbo hilo tangu mwaka 2005 hadi 2008. Mvinyo wa chupa moja ulipenyezwa mara tatu miongoni mwa gilasi nyingi, bila ya wao kujua. Ni kama mwamuzi mmoja tu katika kumi aliyeweza kuupa mvinyo ule ule daraja lile lile la medali mara zote. Bordeaux nako, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaueleza kwa maneno yatumikayo kwa mvinyo mwekundu. Hawakuwa waongo. Jicho lilitoa ushahidi, ulimi ukatia saini.

Wako waliofurahia matokeo hayo kupita kiasi, wakahukumu kwamba lugha yote ya waonjaji ni upuuzi. Hukumu hiyo ina haraka. Waandishi wa mvinyo hupenda sana kutaja karafuu, na Mpemba akisikia hivyo ana haki ya kuuliza zilitoka shambani kwa nani. Hakuna karafuu ndani ya pipa. Lakini mbao za mwaloni zinapochomwa kutengeneza pipa hutoa eujenoli, nayo ndiyo kemikali inayoipa karafuu harufu yake. Aliyesema karafuu alisema kweli kwa njia ya tashibihi, kama malenga anavyosema kweli asemapo jahazi ilhali anakusudia ndoa. Penye neno la namna hiyo pana ufunguo chini ya pipa. Tashibihi zilizorundikwa kumi katika sentensi moja, tumbaku, ngozi, mvua, majani makavu, zina dalili nyingine. Mjuzi wa ushairi anazitambua kwa kuwa amekwisha kuziona katika tenzi za sifa zilizolipiwa.

Yako mashindano ya ushairi ambamo mswada huingia kwa namba bila ya jina, na waonjaji nao wana desturi hiyo. Iliyo mashuhuri zaidi ilifanyika Paris tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza mfanyabiashara, Steven Spurrier, alipowakusanya waamuzi tisa wa Kifaransa waonje mvinyo wa Ufaransa na wa California, majina yakiwa yamefichwa. Wekundu na weupe, kote mbili alishinda Mmarekani. Tofauti za alama zilikuwa ndogo, na hesabu zenyewe zimebishaniwa tangu siku ile. Cha kukumbukwa zaidi ni kwamba mmoja wa waamuzi, mhariri wa jarida kubwa la mvinyo la Ufaransa, aliomba arudishiwe karatasi yake ya alama. Alikuwa na ulimi hodari, na kwa muda wa alasiri ile alikuwa shahidi mwadilifu kupita alivyotaka mwenyewe. Karatasi hakurudishiwa.

Na uhodari peke yake? Katika muongo wa kwanza wa karne hii hapakuwa na wengi katika minada ya mvinyo ya Marekani waliosifiwa ulimi kama kijana aliyeitwa Rudy Kurniawan. Aliweza, kwa mujibu wa waliokaa naye mezani, kutambua mvinyo adimu kwa kuuonja tu. Kipaji hicho hicho ndicho alichokitumia kuchanganya mvinyo wa bei nafuu nyumbani kwake California na kuubandika vibandiko vya mashamba makongwe. Alitiwa hatiani Desemba 2013, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Matajiri walikuwa wamekwisha kuvinywa vingi vya vinywaji vyake na kuvisifu.

Aliyeanza kumfichua hakuonja kitu. Aprili 2008, New York, mnada ulinadi chupa za Clos Saint-Denis za ukoo wa Ponsot wa Burgundy, zenye vibandiko vya miaka ya 1945 hadi 1971. Laurent Ponsot, mwenye shamba, alipata habari, akapanda ndege kuhudhuria mwenyewe. Alijua jambo moja la kawaida, lililoandikwa katika kumbukumbu za nyumbani kwake: ukoo wao haukutengeneza mvinyo wa Clos Saint-Denis kabla ya mwaka 1982. Chupa zikaondolewa mnadani.