Uso Uuzao na Uso Uuzwao

Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika zama zetu za televisheni, kizuri na kibaya vyote hujitembeza, navyo hutembea vikiwa vimevaa uso wa binadamu. Zanzibar iliipata televisheni mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994. Umepita muda wa kutosha tujiulize: tangazo la biashara lina wajibu gani kwa rangi za watu wanaolitazama? Wapo waonao kuwa swali hili ni dogo mno kwa kalamu ya mshairi. Lakini tangazo la nusu dakika hurudiwa mara nyingi kuliko beti zozote tulizozitunga, na watoto hulihifadhi bila ya kufundishwa.

Tuipeleke hoja hii Urambo, magharibi ya Tabora, nchi yenye kulibeba jina la Mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884. Huko biashara na rangi za watu zimejuana zamani. Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilikatiza Unyamwezi. Waarabu na Waswahili wa pwani wakafanya maskani Tabora, wakaja Wamanyema kutoka Kongo, wakaja Wahindi wenye maduka. Baada ya mwaka 1972 wakapokewa wakimbizi wa Burundi katika makazi ya Ulyankulu, ambao wengi wao wamekwisha kuwa raia wa Tanzania. Mwenye kusimama gulioni huko huona weusi wa kila namna, na maji ya kunde, na weupe. Kisha huingia ndani akawasha televisheni, na upana wote huo ukasinyaa: katika matangazo mengi ya sabuni na mafuta ya ngozi, uzuri una rangi moja, nayo si ya walio wengi gulioni.

Haikuwa hivyo daima. Mfanyabiashara wa karne ya 19 aliyepeleka shanga bara alilazimika kujua kwanza ni rangi gani ipendwayo aendako. Shanga zilizopendwa mahali pamoja zilikataliwa pengine, na aliyekosea alibaki na mzigo wake. Hata awe na tamaa kiasi gani, hakuwa na budi kumtazama mnunuzi na kumkiri kuwa ni mtu mwenye hiari. Tangazo la leo limeigeuza njia hiyo. Bidhaa haimfuati tena mnunuzi. Mnunuzi ndiye atakiwaye kubadilika aifuate bidhaa. Shanga zilitafuta ngozi ya kupamba, ilhali krimu yaitafuta ngozi ili iiondoe.

Mifano haiko mbali. Mwaka 2016, tangazo la sabuni ya Qiaobi nchini China lilimwonyesha kijana mweusi akisukumwa ndani ya mashine ya kufulia, akatoka Mchina mweupe. Dunia ikalaani, kampuni ikaomba radhi. Mwaka 2020 krimu ya Fair & Lovely, maarufu tangu India ya 1975, iliitwa Glow & Lovely. Jina likabadilika, bidhaa ikabaki. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini mkorogo haujakoma. Sheria yaweza kuizuia sumu iliyomo koponi. Haiwezi kuizuia haya aliyokwisha kupandikizwa mtu juu ya ngozi yake.

Wapo wasemao: basi nyuso zetu ziwekwe, yaishe. Hapa njia ya misafara yatuonya. Njia hiyo hiyo iliyopitisha shanga na pembe ilipitisha watu minyororoni, na katika soko la watumwa la Zanzibar, lililofungwa mwaka 1873, mwili wa Mwafrika ulitazamwa kwa makini sana, meno na viungo, ili utiwe bei. Kutazamwa na soko, peke yake, si heshima. Lakini njiani humo alipita pia mpagazi wa Kinyamwezi, aliyeukodisha mgongo wake kwa ujira, akajadiliana, na alipodhulumiwa aliweza kuutua mzigo. Wote wawili walikuwa weusi, wote walionekana. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na kauli.

Basi kipimo chetu kisiwe kuhesabu nyuso. Tuulize uso huo umepewa kazi gani. Nani ndani ya tangazo avaaye koti la daktari, na nani alalaye kitandani? Nani ajuaye na kuchagua, na nani achekaye tu baada ya kupewa? Mkulima wa tumbaku wa Urambo, je, huonyeshwa akinunua kwa akili yake, au huonyeshwa tu pale panapohitajika mtu wa kuhurumiwa?

Sisi wafasiri tunaijua nusu ya dhuluma hii. Tangazo la nje likiletwa, hubadilishwa maneno na picha ikaachwa kama ilivyo: sauti ni ya Kiswahili, uso hauna jirani mtaani. Tafsiri ya namna hiyo imefika nusu ya safari. Nusu iliyobaki yamhusu yule msichana wa Urambo atazamaye picha mbili za krimu, ya kabla na ya baada. Iwapo ngozi yake huiona kila siku katika picha ya kwanza, na kamwe haioni katika ya pili, amekwisha kufundishwa kuwa yeye ni kabla ya mtu. Hilo ndilo deni la tangazo, na halilipwi kwa kuongeza uso mmoja katika picha.