Kununua Kitu na Kunyimwa Ufunguo Wake

Mwezi huu twataka kulitafakari jambo ambalo huenda mkaliona dogo, kumbe mizizi yake ni mirefu. Nyumbani kwetu iko redio ya zamani, nayo imekwisha kufunguliwa na fundi mara tatu. Mara ya kwanza waya ulikatika, akaulehemu. Mara ya pili spika ilipasuka, akatia nyingine. Mara ya tatu ilikuwa vumbi tu. Kila mara alifungua parafujo nne kwa bisibisi, akatuonyesha ugonjwa kwa kidole, tukalipa fedha kidogo, tukarudi na redio ikinena.

Lakini mwaka jana simu yetu ya mkononi ilianza kuchoka. Betri ilijazwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri imekwisha. Tukampelekea fundi yule yule. Akaigeuzageuza, kisha akasema, “Mzee, hii haina mlango. Imegandishwa kwa gundi. Nikiipasha moto niifungue, kioo chaweza kupasuka. Heri ununue nyingine.” Simu ilikuwa nzima, ila betri tu. Nasi tuliona haya usoni pake, kana kwamba kosa ni lake.

Basi njiani tulijiuliza: Je, mtu akimwuzia mwenziwe kitu, naye amemfungia njia ya kukitengeneza, ametenda haki?

Wako watakaojibu: Hapana aliyekulazimisha; ulitajiwa bei, ukakubali. Neno hilo lina nguvu, wala hatulipuuzi. Lakini mapatano ya haki yataka macho ya wote wawili yawe wazi. Auzaye ng’ombe mgonjwa, hali aujua ugonjwa wake, hawezi kujitetea kwamba mnunuzi aliikubali bei. Sisi dukani tuliambiwa habari za picha na uzuri wa kioo. Hapana aliyetuambia kwamba betri ya namna hii hupungua nguvu kwa kadiri inavyojazwa na kutumiwa, hata baada ya miaka michache haina budi kubadilishwa. Aliyeiunda alilijua neno hilo, sisi hatukulijua.

Wengine watasema: Gundi ina faida, huzuia maji na vumbi, tena simu huwa nyembamba; na betri za lithiamu zikitobolewa huweza kuwaka moto. Hayo ni kweli, wala hatumhukumu mtu kwa kutumia gundi. Lakini hatari ya kitu si sababu ya kumnyima fundi maarifa; ni sababu ya kumfundisha. Tena gundi haielezi yote. Ziko simu ambazo vipande vyake vimetiwa namba za siri, hata fundi akitoa kioo katika simu moja na kukitia katika nyingine ya aina ile ile, simu hutoa maonyo, au kazi nyingine hukataa, mpaka kampuni itoe idhini. Je, hapo maji na vumbi vina neno gani? Huo ni mlango uliofungwa na mwenye kuuza, na ufunguo amebaki nao mwenyewe. Aliyenunua amelipa kama mwenye nyumba, akakaa kama mpangaji.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa taa za umeme walikutana Geneva, katika Uswisi, wakafanya chama kilichoitwa Phoebus. Wakapatana kwamba taa ya kawaida ya nyumbani iwake saa 1,000 tu, ingawa nyingi za wakati ule zilifika saa 1,500 na kupita. Na kiwanda ambacho taa zake zilidumu kupita kiasi kilitozwa faini. Walijitetea kwamba taa ya saa chache hung’aa zaidi, na neno hilo lilikuwa na kweli ndani yake. Lakini mnunuzi hakuulizwa kama apenda mwanga mwingi au maisha marefu. Walimchagulia wao, wakamficha.

Siku hizi serikali nyingine zimeanza kulitazama jambo hili. Katika Ufaransa, tangu mwaka 2021, simu na kompyuta na televisheni zilianza kuandikwa alama dukani, toka 0 hata 10, ili mnunuzi aone jinsi zinavyotengenezeka. Umoja wa Ulaya uliweka sheria mwaka 2023, kwamba tangu Februari 18, 2027, betri za vyombo vidogo ziweze kutolewa na mwenye chombo, isipokuwa kwa vyombo vichache. Na jimbo la Oregon, katika Marekani, mwaka 2024 lilikataza ile desturi ya namba za siri. Sheria hizi hazimkatazi mtu kuuza. Zamtaka auze waziwazi.

Tena hasara haiishii mfukoni. Mwaka 2022 dunia ilitupa takataka za vyombo vya umeme zipatazo tani milioni 62, na zilizokusanywa kwa utaratibu hazikufika robo yake. Na mtoto akuaye akiona kila kiharibikacho chatupwa, atajifunza wapi kuketi na kitu kibovu, kukitafuta ugonjwa wake, na kukiponya kwa subira?

Lakini tusijitoe lawamani. Sisi nasi tuliutazama mng’ao, hatukuuliza. Basi yatupasa kuuliza kabla ya kutoa fedha: Betri yake yatoka? Vipuri vyake vyapatikana? Fundi wa mji wetu aweza kuifungua? Afadhali kwenda kwanza kwa fundi, kisha dukani. Maana yeye ndiye azionaye zikirudi. Wauzaji wakiona kwamba watu hawanunui kisichofunguka, nao watabadili.

Simu ile hatukuitupa. Tulimwachia fundi, naye awafundishia vijana wake kuilegeza gundi kwa moto mdogo. Viwili vya kwanza walivijaribu vikapasuka kioo. Cha tatu, atuambia, kilifunguka kizima.