Je, Anayejizuia Huona Kidogo?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu zangu, kuna hoja inayosikika sana mabwenini. Husemwa kuwa dini yetu imejaa makatazo, na kwamba kijana anayeishi ndani ya makatazo anaiona nusu tu ya dunia. Si wote wasemao hivyo wana nia mbaya. Wengine wanauliza kwa dhati. Kumwambia mtu wa aina hiyo "ndivyo tulivyoamrishwa" ni kweli, lakini hakumwondolei swali lake. Napendekeza tulitazame kwa kuanzia kwenye tendo lenyewe la kuona.

Wengi tunadhani jicho ni dirisha: likifunguliwa, dunia inaingia. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, hakuridhika na picha hiyo. Katika Kitab al-Manazir, mwanzoni mwa karne ya 11, alieleza kuwa nuru huingia jichoni, kisha akaonyesha kuwa kuona hakukamiliki bila kupambanua na kulinganisha. Wachunguzi wa ubongo wa zama zetu wamefika mbali zaidi katika njia hiyo.

Seli za neva zinazotuwezesha kuona ni za namna mbili. Ziko zinazoamsha wenzake, na ziko zinazowanyamazisha. Katika tabaka la nje la ubongo, takriban seli moja kati ya tano ni ya kunyamazisha, na kemikali inayotumika zaidi kwa kazi hiyo huitwa GABA. Swali ni hili: ubongo unaotaka kuona una haja gani na seli za kuzuia?

Jibu la kwanza lilitoka kwa mnyama wa baharini aitwaye Limulus. Mmarekani Haldan Keffer Hartline, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1967, aligundua kuwa kipande kimoja cha jicho la mnyama huyo kikipata mwanga, hupunguza sauti ya vipande jirani. Matokeo yake ni kwamba mahali mwanga unapokutana na kivuli, mpaka hukolea. Kitu hupata ukingo, na chenye ukingo ndicho tunachoweza kukitambua.

Jibu la pili ni zito zaidi. Katika ubongo wa paka ziko seli zinazochagua: hii huitikia mstari uliosimama, ile uliolala. Mwaka 1975 Adam Sillito alichapisha matokeo ya majaribio ambamo alitumia dawa inayoziba kazi ya GABA. Baadhi ya seli zilizokuwa zikichagua mwelekeo mmoja zikaanza kuitikia mistari ya kila mwelekeo. Zilipiga kelele zaidi kuliko mwanzo, lakini kelele hizo hazikubainisha tena kilichokuwa mbele ya jicho.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro ya ile hoja ya mabwenini. Inachukulia kuwa kuitikia kila kitu ni kuona kila kitu. Kijana anayepitisha video mia usiku mmoja kwa kidole gumba ameitikia mia. Muulize asubuhi ameona nini. Lugha ya Kiarabu ililijua jambo hili zamani. Neno akili, 'aql, lina asili moja na 'iqal, kamba ya kumfungia ngamia. Mwenye akili ni mwenye kamba.

Sasa turejee Sura An-Nur, aya ya 30 na 31, ambazo zinawaamuru waumini wainamishe macho, wanaume wakitajwa kwanza. Sidai kuwa aya hizo zinazungumzia seli za ubongo. Tabia ya kutafuta kila ugunduzi ndani ya Qur'an haiitukuzi Qur'an. Tena, seli haina hiari, hivyo haina thawabu wala dhambi, sisi tumekalifishwa. Mfano wa seli hauthibitishi sheria. Unachovunja ni dai moja tu, kwamba kuzuia ni adui wa kuona.

Lakini mfano huo unawakata pia wale wanaopenda kuharamisha. Dawa kama diazepamu, zinazoongeza nguvu ya GABA, humtuliza mwenye degedege, na zikizidi humlaza mtu usingizi asione chochote. Wafasiri walilizingatia neno "min" katika aya ile, na wako waliosema linamaanisha baadhi ya kutazama, si kutazama kote. Qur'an hiyo hiyo, katika Sura Al-Ghashiya, inatuhimiza tutazame ngamia, mbingu, milima na ardhi. Na katika Al-Maida, aya ya 87, tumekatazwa kuharamisha mazuri aliyotuhalalishia Allah. Anayemzuilia mwenzake yale ambayo sheria haikuyazuia hamsaidii kuona, anamfumba macho.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kipimo ninachokushauri ni hiki. Kabla ya kulalamikia katazo, uliza linakusaidia kutambua nini. Ukiinamisha macho mbele ya dada au kaka wa darasani, unapata nafasi ya kumwona kuwa mtu mwenye elimu, heshima na shida zake, badala ya umbo tu. Huko si kuona kidogo.

Wabillahi tawfiq.